Dakika Saba Ngazini

Jumatatu alikula kiatu. Cha kushoto tu,
kile kilichokuwa kikinitoa lengelenge; hicho nilimsamehe.
Jumanne, kona ya sofa. Sponji ikatapakaa sebuleni
kama theluji iliyokosea mlango.
Jumatano, barua ya kodi ya halmashauri.
Nikapiga simu, nikasema, "Mbwa ameila,"
mama wa upande wa pili akanyamaza, kisha akacheka,
akasema kila nyumba Dundee ina mbwa wa namna hiyo
siku ya malipo ikikaribia.

Nimemwita Shughuli.
Bi Senga wa ghorofa ya juu alipouliza maana yake
nilimjibu: subiri, utaisikia.

Akaisikia. Akapitisha kikaratasi chini ya mlango,
mwandiko umelala kama majani ya upeponi:
Analia tangu unapofunga mpaka saa sita.
Sikulaumu. Nakujulisha.

Dada yangu Nakijwa, huko Same, alicheka mpaka simu ikakwaruza.
"Mbwa ndani? Juu ya zulia?
Si umfunge mchana, usiku umwachie azunguke boma?"
Boma lipi, Nakijwa? Nina vyumba viwili
na dirisha linalotazama reli.
Na huyu halindi kitu. Akimsikia mleta barua
anajificha nyuma ya mashine ya kufulia.

Nilijaribu ukali. Nilimshikia sponji puani,
"Nani? Nani kafanya hivi?"
Akalaza masikio. Nikadhani ni toba.
Kumbe alikuwa anausoma uso wangu tu,
kama mtu mbele ya fomu ya lugha asiyoijua:
haelewi kosa, anaelewa mhuri.

Ndipo nikaegemeza simu ya zamani kwenye rafu, ikimtazama,
nikaenda kazini kuwaogesha wazee wa watu,
na saa ya chai nikafungua nimwone mhuni wangu.
Sikumwona mhuni. Niliona mwili wa manjano
ukienda mlangoni, ukirudi, ukienda,
ukinusa pale ninapovulia viatu.
Kiatu alikichukua taratibu, kwa ncha za meno,
kama mtu anayeshusha picha ukutani.
Kutafuna kulikuja baadaye.

Chai ilipoa.

Basi tumeanza upya.
Jioni navaa koti, nachukua funguo, nakaa.
Navaa, nakaa. Funguo zichoke kuwa habari mbaya.
Kisha natoka, sekunde kumi. Kesho yake thelathini.
Namwachia mfupa wa mpira uliopakwa siagi ya karanga,
blanketi nililolalia jana,
redio inayosoma upepo na mawimbi
kwa mabaharia nisiowajua.
Mimi nakaa nje, kwenye ngazi za mawe,
baridi inapanda mpaka nyonga,
nahesabu kwa Kipare,
maana kwa Kiingereza huwa naharakisha.

Dakika ya tatu alibweka, mara moja.
Nikashika chuma cha ngazi nisinyanyuke.
Usirudi akilia, mwalimu wa mbwa alisema,
rudi kabla hajalia.
Laiti ningaliambiwa hilo
mwaka ule nilipomwacha Mbazi kwa bibi yake,
nikamwambia narudi Krismasi,
nisimwambie Krismasi ipi.

Bi Senga akashuka na mfuko wa taka.
Hakuuliza ninafanya nini gizani na koti.
Akaketi ngazi mbili juu yangu, magoti yakalia,
akanipa pipi ya mnanaa.
"Ngapi leo?"
"Saba, akipenda."
"Na jana?"
"Nne na vipande."
Tukakaa. Chini, mtu akaegesha baiskeli.
Mfuko wa taka ulinuka vitunguu.

Saba zilipotimia nilifungua polepole,
bila shangwe, kama nilivyofundishwa,
kana kwamba mtu kwenda na kurudi si jambo.
Alikuwa amesimama kwenye mkeka,
mdomoni ana kiatu cha kulia,
kizima, kimelowa.

Nikakipokea.
Nikavua koti.